Vitafunwa vya mitaani Ufilipino: kwa nini ni vya bei ndogo, na ni nani anayeibeba bei hiyo

Kama simu yako ina intaneti, huenda umeshakutana na video hizi. Mtu amesimama barabarani mbele ya karai la mafuta, anachoma kwa kijiti mayai madogo ya rangi ya chungwa, anayachovya kwenye siki yenye pilipili, anakula na kuondoka. Nyingine inamwonesha mgeni akimenya yai la bata lililochemshwa, anakuta kifaranga ndani, anapiga kelele. Wasikilizaji wetu kadhaa wametutumia video za aina hiyo kwa WhatsApp, na swali ni karibu lile lile: hawa ni watu gani, wanakula nini, na kwa nini wanakula hivyo?

Wengi wao ni Wafilipino. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 kusini mashariki mwa Asia, yenye watu zaidi ya milioni 100. Ilitawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300, hadi 1898, na kutoka kwao wakabaki na neno merienda, yaani kitu kidogo cha kutia tumboni kati ya mlo na mlo. Mfilipino anaweza kula merienda saa nne asubuhi na tena saa kumi jioni. Mwenye uwezo anaipata mkahawani. Asiye na uwezo, ambaye ndiye wengi, anaipata kwenye mkokoteni.

Kuhusu fedha, peso 1 ya Ufilipino ni kati ya shilingi 40 na 50 za Tanzania. Julai 2024 kima cha chini cha mshahara katika eneo la Manila, mji mkuu, kilipandishwa hadi peso 645 kwa siku, na mikoani ni chini ya hapo. Lakini hicho ni kwa mwenye ajira ya karatasi. Kibarua wa siku, mpiga debe na mfua nguo za watu hupata kile walichokubaliana na tajiri. Shika takwimu hiyo unaposoma yanayofuata.

Kuku mzima, hadi ukucha

Kuku akichinjwa, paja na kidari huenda kwenye maduka makubwa na mikahawa. Kinachobaki ni kichwa, miguu, utumbo na damu. Sehemu nyingi duniani hivyo hutupwa au husagwa kuwa chakula cha mifugo. Ufilipino vinaoshwa, vinachemshwa, vinatungwa kwenye vijiti na kuchomwa kwenye mkaa kando ya barabara jioni, watu wanaposhuka kutoka kazini.

Majina yake yanachekesha. Miguu ya kuku inaitwa Adidas, kwa sababu vidole vitatu vya mbele vinafanana na ile mistari mitatu ya kiatu. Kichwa kinaitwa helmeti. Mabawa yanaitwa PAL, kifupi cha jina la shirika la ndege la nchi hiyo. Damu iliyogandishwa, ikakatwa vipande vya mraba na kuchomwa mpaka ikawa nyeusi, inaitwa Betamax, kwa kuwa inafanana na kaseti za video za zamani. Masikio ya nguruwe yanaitwa Walkman. Kwa majina hayo unaweza kukisia lilipoanza kukua jina na biashara: Betamax ilitoka 1975 na Walkman 1979. Vijana wanaouza leo wengi hawajawahi kuiona Betamax. Hata mimi nimeikuta VHS tu.

Mfalme wa vijiti hivi ni isaw, utumbo wa kuku au wa nguruwe. Ukiuangalia kwenye mkaa unaona kitu chepesi: utepe mwembamba umekunjwa kama nyoka kwenye kijiti, unapakwa mafuta na mchuzi, unageuzwa mara mbili tatu, tayari. Kazi imefanyika mapema, alfajiri, nyuma ya nyumba. Utumbo unapinduliwa wa ndani uje nje, unasuguliwa kwa chumvi, unasuuzwa, unasuguliwa tena, mara nyingi mpaka maji yatoke meupe. Kisha unachemshwa na siki, vitunguu saumu na majani ya bei ili harufu ikate. Baada ya hapo ndipo unatungwa, kijiti kimoja kimoja. Ukiruka hatua moja, isaw inakuwa chungu na mteja harudi. Anayewahi kusafisha utumbo wa mbuzi kwa ajili ya supu anajua saa hizo zinavyokwenda, na utumbo wa kuku ni mwembamba kuliko huo mara nyingi.

Isaw ya eneo la Chuo Kikuu cha Ufilipino, pale Diliman katika Jiji la Quezon, imepata sifa nchi nzima. Wanafunzi wanapanga foleni, na watu waliohitimu zamani wanarudi na watoto wao kuwaonjesha. Kwa maneno mengine, chakula kilichoanza kwa kukosa kimekuwa kumbukumbu tamu ya watu ambao sasa wana magari.

Kuna kingine ambacho mfugaji atakielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Ukiagiza vifaranga wa kuku wa mayai, unaletewa majike. Umewahi kujiuliza madume wanakwenda wapi? Kuku hutotoa nusu kwa nusu, na dume wa mbegu ya mayai hatagi wala haneneki kwa faida. Katika nchi nyingi wanauawa siku ile ile waliyototolewa. Ufilipino baadhi yao huuzwa kwa bei ya chini kabisa, wanapakwa unga, wanakaangwa wazima mpaka wakauke, na wanaliwa na siki, mifupa na vyote. Wanaitwa day-old, maana yake wa siku moja. Kwenye video kinatisha. Lakini dume huyo angekufa hata kama hakuna anayemla, na anayekula mayai ya kisasa popote pale, hapa kwetu pia, yumo ndani ya hesabu hiyo.

Choma mwenyewe, hesabu mwenyewe

Vile vya rangi ya chungwa kwenye video vinaitwa kwek-kwek. Ni mayai ya kware yaliyochemshwa, yakamenywa, yakapakwa uji mzito wa unga wenye rangi, yakakaangwa. Likiwa yai la kuku au la bata, jina lake ni tokneneng. Kando yake kwenye karai lile lile huelea fishball, yaani madonge ya samaki aliyesagwa na kuchanganywa na unga, chapa kidogo kama vibonge vilivyokandamizwa. Unga ni mwingi, samaki ni kidogo, na mteja anajua.

Utaratibu wa kula ndio ulionivutia zaidi. Muuzaji anakupa kijiti. Unachoma mwenyewe ndani ya karai, unachovya kwenye mchuzi unaoutaka, mtamu, wa pilipili au wa siki na vitunguu, unakula umesimama. Ukishiba, unamwambia umekula vingapi, naye anapiga hesabu. Hakuna risiti wala kuandika. Muuzaji mwenye wateja kumi kwa wakati mmoja hawezi kumchunga kila mtu, kwa hiyo mkokoteni unaendeshwa kwa kuaminiana.

Unaweza kula donge moja tu. Hapo ndipo penye siri ya bei. Wafilipino wana neno tingi, yaani kununua kidogo kidogo kwa kipande. Katika viduka vyao vya mtaani, vinavyoitwa sari-sari, unanunua sigara moja, kifuko kimoja cha shampuu, siki ya kutosha pishi la leo. Sisi tuna mafuta ya kupima, sukari ya robo na nyanya za fungu. Mwenye mshahara wa mwezi hununua gunia, mwenye ujira wa siku hununua kipimo, na kwa kilo yule wa kipimo hulipa zaidi. Tingi humpa maskini nafasi ya kununua leo, lakini haimpi nafuu.

Nayo inamfunga muuzaji. Mteja akizoea kwamba kipande ni sarafu moja, siku bei ya unga ikipanda huwezi kumwambia alipe sarafu moja na robo. Basi kinachopungua ni kipande chenyewe. Donge linakuwa jembamba, unga unazidi samaki. Sisi tumeliona hilo kwenye andazi na chapati, hatuhitaji kuelezwa.

Vitunguu vilipopita bei ya nyama

Desemba 2022 na Januari 2023, kilo moja ya vitunguu katika masoko ya Manila ilipita peso 600. Linganisha na ule mshahara wa siku. Kitunguu kilikuwa ghali kuliko kuku, ghali kuliko hata nyama ya ng'ombe. Mwezi huo wa Januari wahudumu 10 wa ndege waliokuwa wakirejea kutoka Riyadh na Dubai walikamatwa uwanja wa ndege wakiwa na karibu kilo 40 za vitunguu na matunda bila kibali. Watu walicheka, serikali ikaruhusu vitunguu kuagizwa kutoka nje, na bei ikashuka baadaye.

Kwa muuza isaw haikuwa kichekesho. Siki bila kitunguu ni siki tupu, na mchuzi hutolewa bure. Miezi michache kabla, Agosti 2022, kilo ya sukari nyeupe nayo ilikuwa imepita peso 100, na sukari ndiyo inayoshika ndizi za kukaanga na mchuzi mtamu wa madonge. Katika misukosuko ya namna hiyo mtu mwenye mtaji mkubwa huhifadhi bidhaa. Mwenye mkokoteni hana ghala. Ananunua asubuhi anachouza jioni, kwa bei ya siku hiyo.

Na mara nyingi ananunua kwa fedha ya kukopa. Ufilipino kuna mkopo wa mtaani unaoitwa tano-sita: unachukua 5, unarudisha 6. Mkopeshaji anapita kwa pikipiki kila siku kukusanya kidogo kidogo. Wasikilizaji wetu mnaujua kwa jina la kausha damu. Tuchukue mfano. Ukikopa peso 2,000 unarudisha 2,400. Tuseme faida yako kwa kila donge ni nusu peso. Ili kulipa ile riba peke yake, peso 400, lazima uuze madonge 800 kabla hujajilipa hata senti.

Mwaka 2017 serikali ya huko ilianzisha mfuko wa mikopo midogo, unaojulikana kwa kifupi P3, kwa lengo la kuwatoa wafanyabiashara wadogo kwenye tano-sita. Riba yake isizidi asilimia 2.5 kwa mwezi na dhamana haihitajiki. Tano-sita haijafa. Mfuko unataka fomu na kusubiri, ilhali mwenye pikipiki anakuja hadi kwenye mkokoteni wako na fedha unaipata saa hiyo hiyo, hata kama jana ulilipa nusu. Wanaotunga mikopo ya machinga hapa kwetu wangefaidika kulitazama jambo hilo kwa karibu.

Juu ya deni kuna barabara. Julai 2019 Rais wa wakati huo, Rodrigo Duterte, aliwaagiza viongozi wa miji na wilaya kuondoa vizuizi barabarani, na wakapewa siku 60. Manila kwenyewe, meya mpya Isko Moreno alikuwa tayari ameanza kulisafisha eneo la soko la Divisoria. Wenye magari na waendao kwa miguu walishangilia, kwani njia zilikuwa zimezibwa miaka mingi. Wenye mikokoteni walihamia vichochoroni, na wengine wakarudi pole pole. Nisingependa kusema upande mmoja tu ndio wenye haki hapo. Barabara ni ya watu wote. Lakini mkokoteni hauuzi mahali pasipopita watu.

Yai la bata na sauti ya usiku

Sasa lile yai. Jina lake balut. Ni yai la bata lenye mbegu, limeatamiwa kati ya siku 14 na 18, halafu likachemshwa kabla kifaranga hakijakomaa. Mlaji anagonga upande mnene, anafungua kitundu, anakunywa supu iliyomo, anatia chumvi au siki, kisha anakula kilichobaki. Wanaojua wanapenda la siku kama 17, kifaranga kikiwa bado kimefunikwa na utando mweupe na mifupa haijashupaa. Yai ambalo halikushika mimba halitupwi, linauzwa pia kwa jina la penoy.

Mji uliopata sifa ya balut ni Pateros, mji mdogo ndani ya eneo la Manila. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihispania la bata. Zamani kazi ya kuatamia ilifanywa bila umeme. Mpunga ulipashwa moto, ukatiwa kwenye mifuko, na mayai yakapangwa katikati ya mifuko hiyo ndani ya vikapu virefu. Mtaalamu alilishika yai, akaligusisha kwenye kope la jicho, akajua kama joto limezidi au limepungua. Viwanda na taka za jiji viliuharibu mto, konokono waliokuwa chakula cha bata wakaisha, na ufugaji ukahamia mikoani, hasa Laguna. Pateros imebaki na jina na ufundi, lakini mayai mengi sasa yanatoka nje.

Balut huuzwa usiku. Muuzaji anatembea au anaendesha baiskeli akiwa na kikapu kilichofunikwa nguo nzito ili mayai yabaki ya moto, akivuta sauti: baluuut! Dereva wa zamu ya usiku, mlinzi, mlevi anayerudi nyumbani, wote ni wateja. Kwa sarafu chache wanapata protini ya kweli, na kwa maoni yangu yule mgeni anayepiga kelele kwenye video anapaswa kwanza kukaa zamu moja ya usiku na njaa.

Je, Mwislamu anaweza kula?

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja. Damu na nguruwe jibu lake linajulikana. Balut nayo Waislamu wengi wa huko hawaili, kwa kuwa kifaranga hakikuchinjwa. Ufilipino ina Waislamu, wengi wao kusini katika Mindanao, na wana chakula chao cha bei ndogo kinachoitwa pastil: wali wa moto uliofungwa kwenye jani la mgomba pamoja na nyama ya kuku iliyochambuliwa na kupikwa kwa mchuzi wa soya. Kimeenea sasa mpaka mitaa ya Manila, na Wakristo wanapanga foleni vile vile.

Tena vitafunwa vingi havina nyama kabisa. Asubuhi hupita muuza taho akiwa na ndoo mbili za bati kwenye mti begani. Moja ina maziwa ya soya yaliyogandishwa laini, nyingine ina vifaa vingine, na juu yake humimina shira ya sukari ya kahawia na punje laini za sago. Kuna binatog, mahindi meupe yaliyochemshwa mpaka yakafumuka, yakatiwa nazi iliyokunwa na chumvi kidogo. Kuna bibingka, mkate wa mchele na tui la nazi unaookwa juu ya jani la mgomba, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Msikilizaji wa pwani ataona kwamba huyu ni jamaa wa karibu wa mkate wa kumimina. Bibingka husubiriwa hasa Desemba, nje ya makanisa, kwenye misa za alfajiri kuanzia tarehe 16.

Kuhusu usalama, hatari ya kweli iko zaidi kwenye bakuli la mchuzi kuliko kwenye utumbo. Mkaa mkali na mafuta ya moto huua vijidudu vingi. Lakini kijiti kilichotoka mdomoni kikirudi kwenye mchuzi wa wote, ugonjwa wa mmoja unakuwa wa mtaa. Homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A husambaa kwa chakula kilichochafuliwa. Sheria ya usafi ya Ufilipino ya mwaka 1975 inamtaka anayeuza chakula awe na cheti cha afya, na baada ya UVIKO-19 wauzaji wengi wameweka mchuzi kwenye chupa za kuminya, au wanakuchotea kwenye kikombe chako.

Pia tafadhali msichanganye haya na pagpag. Kuna video zake, na zinasambazwa kama kichekesho. Pagpag ni mabaki ya nyama yaliyookotwa kwenye taka za mikahawa, yakachambuliwa, yakaoshwa na kupikwa upya, na kuuzwa katika mitaa maskini kabisa kama baadhi ya sehemu za Tondo, Manila. Jina lina maana ya kukung'uta. Mwenye kula isaw amechagua. Anayekula pagpag hana cha kuchagua.

Ukitaka kujaribu kimoja

Anza na ndizi, inayoitwa banana cue, ingawa haichomwi bali hukaangwa. Wao hutumia ndizi fupi nene iitwayo saba. Hapa tumia mzuzu au bokoboko iliyoiva lakini bado ngumu. Ndizi ya kisukari itayeyuka. Menya, kata vipande vinene, tia kwenye mafuta ya kina yenye moto wa wastani. Zikianza kubadilika rangi, nyunyizia sukari ya kahawia, nusu kikombe kwa ndizi sita hivi. Sukari itazama, itayeyuka, kisha itaanza kupanda na kushika. Geuza taratibu bila kuacha, kwani kutoka rangi ya asali hadi kuungua ni dakika moja tu. Toa, weka kwenye chujio au sahani iliyopakwa mafuta, si kwenye gazeti maana litagandamana. Choma kijiti zikishapoa kidogo, na watoto wakae mbali na karai: sukari ya moto ikiruka kwenye ngozi haidondoki.